Heri Ianguke Kiwandani

Kila kitu kishikwacho na mkono wa mwanadamu kitaanguka siku moja. Huanguka sahani, huanguka kikombe, huanguka taa. Na siku hizi, kuliko vyote, huanguka simu. Sababu yake si uzembe peke yake. Simu hushikwa tangu asubuhi hata usiku. Hutoka kwa baba ikaenda kwa mtoto. Hutiwa mfukoni, hufungwa katika pindo la kitenge, huwekwa juu ya meza ya sokoni, hupanda pikipiki pamoja na mwenyewe. Kitu kitembeacho namna hiyo hakiwezi kumaliza mwaka bila kugusa chini. Basi swali la mtu mwenye busara si kuuliza kama simu yake itaanguka. Swali lake ni hili: siku itakapoanguka, itaamka?

Hapa kwetu Kimanga, na katika mji wote wa Uvira tangu Kavimvira hata Kalundu, swali hilo si la mchezo. Zamani aliyevunja simu alipoteza chombo cha kuzungumzia tu. Leo apoteza mkoba wa fedha, daftari la wadeni, taa ya usiku umeme unapokatika, na picha za marehemu wake. Mama auzaye ndagala hulipwa kwa simu. Mzazi aliye mbali hutuma ada ya shule kwa simu. Tena tumeona mambo makubwa kuliko hayo. Mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika usiku na kubomoa nyumba, ndugu walitafutana kwa simu. Mwezi wa Desemba 2025, vita vilipofika Uvira na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi, simu ndiyo iliyoeleza nani yu hai na yuko wapi.

Twamjua mama mmoja, jirani yetu, muuza ndagala. Alikuwa amenunua simu kwa akiba ya miezi mingi, na muuzaji alimwapia kwamba simu hiyo ni ya kijeshi, haivunjiki kamwe. Haukupita mwezi, ikateleza kutoka juu ya kigoda, kimo kisichofika goti, ikaangukia saruji. Kioo kikapasuka kama utando wa buibui. Mwanga ulibaki, sauti ilibaki, lakini kioo hakikusikia tena kidole. Mama akasema ataitengeneza baada ya Noeli. Noeli haijafika, watu wakaanza kukimbia. Yeye akashika njia ya Kavimvira pamoja na watoto wawili wadogo. Kijana wake mkubwa, aliyekuwa ziwani, alikwenda kusini kwa mtumbwi, upande wa Baraka. Njiani simu ililia mara nyingi. Mama akaona mwanga nyuma ya nyufa, akapitisha kidole, akapitisha tena, wala haikupokea. Hata siku ya nne kijana mmoja alipotoa kadi yake na kuitia katika simu ya vitufe, ndipo mtoto alipopatikana. Baadaye alituambia, "Bwana mwalimu, mtoto aliita, nami nilikuwa na simu mkononi, nisiweze kuitika."

Maneno hayo yalitufanya tufikiri. Je, hakuna awezaye kujua mapema kama simu itavumilia anguko? Yupo, naye ni yule aliyeitengeneza. Njia yake ya kujua ni rahisi kuitaja: aiangushe mwenyewe kabla ya kuiuza. Hilo ndilo liitwalo jaribio la kuangusha, na yafaa kila familia ilifahamu.

Hebu tuangalie kwanza ni nini hutokea simu iangukapo. Simu nyingi za leo zina uzito wa gramu 200 hivi. Ikitoka kimo cha mita 1, yaani karibu na mfuko wa suruali ya mtu mzima, hufika chini kabla ya nusu ya sekunde kutimia, nayo ina mwendo wa kilometa 16 hivi kwa saa. Mwendo huo si mkubwa; mkimbiaji hodari huupita. Kinachovunja simu ni kusimama ghafula. Ikiangukia mchanga wa ufuoni, huzama kidogo, tuseme sentimita 2, ndipo isimame. Nguvu ya kuisimamisha ni kama uzito wa kilo 10, nusu ya bidoni la maji la litri 20. Lakini ikiangukia saruji, isiyobonyea, huenda ikasimama katika milimita 1 tu. Hapo nguvu hupanda hata kufikia uzito wa kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Simu ni ile ile, kimo ni kile kile. Tofauti ni mahali ilipofikia.

Pili, yafaa kujua nguvu hiyo hupitia wapi. Simu ikilala kifudifudi juu ya sakafu laini, nguvu hutawanyika. Ikitua kwa pembe, nguvu yote huingia katika nukta moja, na ukingo hupinda ukakisukuma kioo. Na ikiangukia kokoto, kama zile ambazo mito yetu huzishusha kutoka milimani, ncha ya jiwe hukichoma kioo mahali padogo kuliko punje ya mtama, na ufa huanzia hapo. Ndiyo sababu mtu huweza kuangusha simu mara kumi nyumbani ikapona, kisha mara moja barabarani ikafa.

Mambo hayo tuliwaonyesha wanafunzi wetu kwa chaki, maana chaki ni rahisi nayo huvunjika upesi. Tulichukua vipande kumi vizima. Vitano viliangushwa kutoka kimo cha mita 1 juu ya saruji, vitano juu ya mchanga uliojaa karai. Kabla ya anguko la nne, hakuna hata kimoja cha saruji kilichobaki kizima. Vile vya mchanga tulichoka kuviangusha. Mtoto mmoja akasimama akauliza, "Mwalimu, mbona tunaharibu chaki nzima ili kujua kwamba chaki huvunjika?" Ni swali jema, na watu wazima wengi huliuliza wanaposikia kwamba viwanda huvunja simu mpya makusudi. Tulimjibu hivi: kwamba chaki huvunjika tulijua tangu zamani, tulichotafuta ni kujua huvunjika kutoka kimo gani, juu ya nini, na baada ya mara ngapi. Anayejua hayo aweza kutengeneza chaki bora, au sanduku bora la kuitunzia.

Wala desturi hiyo si ngeni kwetu. Mama anunuaye chungu hukigonga kwa kidole na kusikiliza mlio. Kikilia vizuri ni kizima, kikilia kwa sauti iliyokufa kina ufa usioonekana. Fundi wa mitumbwi haupeleki mtumbwi mpya kilindini siku ya kwanza; huutia majini karibu na ufuo, akaangalia maji yanapenya wapi. Mkulima asiyeiamini mbegu yake huotesha punje chache kabla ya kupanda shamba zima. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Nasi twaweza kuongeza kwamba vilivyoundwa vizuri vilijaribiwa kwanza.

Katika viwanda vya simu kazi hiyo hufanywa kwa mashine. Mashine huikamata simu, huiinua hadi kimo kilichopimwa, kisha huiachia iangukie upande uliochaguliwa: uso, mgongo, ubavu au pembe. Kamera za kasi hupiga picha maelfu kwa sekunde moja, ili mafundi waone kioo kinavyopinda kabla hakijapasuka. Mashine nyingine ni kama pipa lizungukalo, ambamo simu hupinduka na kuanguka tena na tena. Baadaye mafundi huifungua simu na kuichunguza: betri imebonyea? uzi umechomoka? kamera imehama mahali pake? Wakiona kasoro, hubadili umbo la pembe, au huongeza mpira, au husogeza betri. Kisha huangusha nyingine. Simu zile zilizovunjwa hazikupotea bure. Kila moja imewafunza kitu watakaotengeneza zile zitakazouzwa.

Kioo chenyewe kimepitia safari kama hiyo. Mwezi wa Januari 2007 kampuni ya Apple ya Marekani ilipoonyesha simu yake ya kwanza, iPhone, uso wake ulikuwa wa plastiki, na plastiki ikaonekana kukwaruzwa na funguo mfukoni. Ilipoanza kuuzwa mwezi wa Juni mwaka ule ule, uso ulikuwa wa kioo kilichotoka kwa kampuni ya Corning. Kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza kioo kilichokazwa tangu miaka ya 1960, lakini wanunuzi walikuwa wachache, kazi ikawekwa kando. Njia ya kukikaza ni hii: kioo hutumbukizwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi. Chembe ndogo za sodiamu zilizo katika ngozi ya kioo hutoka, na mahali pake huingia chembe za potasiamu zilizo kubwa zaidi. Fikirini benchi la shule lililokaliwa na watoto sita. Kila mtoto aondoke, na mahali pake akae mtu mzima. Watabanana mabega kwa mabega, na atakayetaka kupenya kati yao atapata taabu. Ndivyo ngozi ya kioo inavyobanana, na ufa hupata taabu kupenya. Lakini mchanga na kokoto zikiikwaruza ngozi hiyo kwa kina, ufa hupata mlango. Kwa hiyo simu yenye mkwaruzo wa zamani huvunjika kwa anguko dogo, na mwenyewe hushangaa.

Sasa twafika penye hatari. Jaribio ni jambo jema, lakini habari za jaribio zaweza kuelezwa nusu, na nusu ya kweli humdanganya mnunuzi kuliko uongo mtupu. Tuchukue mfano wa neno "kijeshi" lililomponza jirani yetu. Jeshi la Marekani lina kanuni za kujaribu vifaa, ziitwazo MIL-STD-810, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1962. Mojawapo ya majaribio yake ni kukiangusha kifaa mara 26 kutoka kimo cha sentimita 122. Hesabu hiyo ina maana yake: sanduku lina nyuso 6, kingo 12 na pembe 8, jumla ni 26. Jaribio ni la haki. Lakini kwa desturi kifaa huangushwa juu ya plaiwudi nene iliyolazwa juu ya zege, si juu ya kokoto. Tena kanuni zaruhusu maanguko hayo 26 yagawanywe kwa vifaa vitano. Wala hakuna ofisi ya jeshi iipayo simu ya dukani cheti. Mtengenezaji hujaribu mwenyewe, au hulipa wengine wamjaribie, kisha huandika neno hilo juu ya sanduku. Aliye mwaminifu hueleza alifanya nini. Asiye mwaminifu huandika neno tu.

Mfano wa pili. Mwaka 2018 kampuni ya Corning ilisema kwamba kioo chake cha Gorilla Glass 6, katika majaribio yake, kilivumilia kwa wastani maanguko 15 kutoka mita 1 juu ya uso wenye kukwaruza. Habari hiyo ni nzuri, maana yataja kimo, mahali na hesabu. Lakini msomaji aangalie maneno "kwa wastani": viko vilivyovumilia zaidi ya 15, na viko vilivyokufa mapema. Mwenye kununua simu moja hanunui wastani.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu, hasa vijana wasomao, washike maswali manne. Iliangushwa kutoka kimo gani? Iliangukia nini? Mara ngapi? Na wakisema ilipona, maana yake nini: kioo kilibaki kizima, au simu iliendelea kuwaka tu? Anayekuuzia simu kwa kusema "haivunjiki" bila kujibu hata swali moja katika hayo, anakuuzia neno.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimekwisha kuyafanya maswali hayo kuwa sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya inayoletwa katika soko lao lazima ivumilie maanguko 45, bila kuvishwa kava, nayo iendelee kufanya kazi. Tena lazima iwe na karatasi yenye herufi, tangu A hata E, ionyeshayo uvumilivu wake. Herufi A ni ya simu iliyostahimili maanguko 270 au zaidi. Sheria hiyo si ya nchi yetu, lakini yatufundisha jambo: habari za anguko si siri ya kiwanda, ni haki ya mnunuzi. Maskini ana haki hiyo kuliko tajiri, kwa sababu tajiri akivunja simu hununua nyingine jioni, na maskini huanza tena kuhesabu akiba.

Wengine watasema, "Sisi twanunua simu zilizokwisha kutumiwa, majaribio ya Ulaya yatufaa nini?" Ni kweli. Simu iliyojaribiwa kiwandani si hiyo uliyo nayo mkononi. Ya kwako huenda imekwisha kuanguka mara nyingi, au kioo chake kimebadilishwa kwa kioo dhaifu, au ni ya kuiga, yenye jina kubwa nje na moyo mdogo ndani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ichunguze kama mama achunguzavyo chungu. Ielekeze kwenye jua, utafute mikwaruzo na nyufa nyembamba kandokando. Iweke juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba, huenda imepinda au betri imevimba. Gusa kila upande wa kioo, bonyeza kila kitufe, piga simu usikilize. Rahisi ghali, walisema wazee.

Ukiisha kuinunua, mambo machache yatarefusha maisha yake. Kava lenye ukingo unaopanda kidogo juu ya kioo hukizuia kisiguse jiwe, na mpira wake hurefusha ule muda wa kusimama, kama mchanga ulivyofanya kwa chaki. Kamba ya shingoni huwafaa wavuvi na waendesha pikipiki. Ufa mdogo utengenezwe mapema, kwa maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Simu ikianguka kisha betri ikavimba, au ikatoa joto lisilo la kawaida, isitiwe umeme wala isiwekwe karibu na kitanda. Betri iliyoumia yaweza kuwaka moto. Na jambo la mwisho lajibu machozi ya jirani yetu: namba za watu wa nyumbani ziandikwe katika daftari, na watoto wazikariri. Fedha ya simu haikai katika simu. Hukaa katika hesabu ya namba yako. Kadi ikitolewa na kutiwa katika simu nyingine, hata ile ndogo ya vitufe, namba hufufuka, na aliyekuwa akikutafuta atakupata.

Liko neno moja zaidi, nalo latuhusu sisi wa Kivu kuliko wengine. Ndani ya simu mna tantalamu, itokayo katika koltani, na milima ya Kivu ni mojawapo ya mahali inapochimbwa, kwa jasho na mara nyingi kwa hatari ya maisha. Simu ivunjikayo baada ya mwezi yadai nyingine, na nyingine yadai udongo mwingine uchimbwe. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na isiyofika robo yake ndiyo iliyoandikwa kuwa imekusanywa na kutengenezwa upya kama ipasavyo. Simu idumuyo miaka mitano badala ya miwili humfaa mwenye nayo, nayo humfaa pia mchimbaji asiyemjua.

Basi, wasomaji, msione ajabu mkisikia kwamba watu wenye elimu hukaa mchana kutwa wakiangusha simu mpya sakafuni. Hawachezi. Wanatafuta kasoro mahali ambapo haimdhuru mtu, ili isionekane mara ya kwanza mikononi mwa mama aliye njiani na watoto. Simu lazima ianguke mahali fulani. Heri ianguke kiwandani, mbele ya fundi mwenye kalamu, na fundi huyo atuandikie kweli yote aliyoiona.